Kiti cha Kuwambwa

Chumba ninachofanyia kazi zamani kilikuwa stoo. Upana wake mita mbili na nusu, urefu mita tatu, dirisha moja linalotazama paa la jirani upande wa mashariki. Kwa miaka minne kilitunza mkaa, ngazi, baiskeli ya mwanangu na feni iliyoungua ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa. Mimi wakati huo nilikuwa natafsiri kwenye meza ya chakula, tangu watoto wanapokwenda shule hadi saa tisa alasiri, mto mmoja mgongoni na mwingine chini. Mwaka wa pili mgongo ukakataa. Nikawa naamka usiku kutafuta upande wa kulalia, na asubuhi nikiinama kuwasha jiko nashika ukuta. Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniminyaminya, akanionyesha namna ya kujinyoosha, kisha akauliza, "Dada, kwani ukifanya kazi unakalia nini?"

Nilipomweleza alitikisa kichwa tu.

Ndipo stoo ikahamishwa. Mkaa ukaenda uani chini ya banda, ngazi ikalazwa ukutani, chumba kikapakwa rangi nyeupe, fundi umeme akafunga pangaboi. Meza ilipatikana upesi, kwa hiyo sitaisema sana: ubao mpana wa mninga uliotoka kwenye mlango wa zamani, juu ya miguu minne. Nimeiweka ubavu kwa dirisha ili jua la asubuhi lisinipige usoni wala lisimeremete kwenye kioo cha kompyuta. Rafu mbili, taa moja, basi. Kilichonichukua muda mrefu ni kiti.

Nyumbani kwetu Tanga, barazani, kuna kiti ambacho watoto tulikiita kiti cha serikali. Baba alikuwa karani katika ofisi ya umma. Walipobadilisha samani, viti vya zamani vikauzwa kwa mnada, naye akanunua kimoja. Ni cha mninga. Mikono yake imelala kama viganja vilivyokunjuliwa, egemeo lake limelala nyuma kidogo, na kwenye mbao ya nyuma, chini ya kikalio, ipo namba ya ofisi iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Kikalio chake cha henzirani kilitoboka nikiwa darasa la tatu. Baba akapigilia plaiwudi juu yake, na plaiwudi hiyo ndiyo tuliyoikalia utoto wote. Hata hivyo kilikuwa kiti kizuri kuliko vyote nilivyovijua. Mtu akikaa pale, mabega yake hushuka yenyewe na sauti yake hupungua.

Miaka mingi baadaye nikiwa naperuzi picha za samani, kama wengine wanavyoperuzi picha za nguo, nikakutana na kiti cha Denmark cha mwaka 1949, kazi ya Hans Wegner. Moyo ulinilipuka. Kilikuwa ndugu wa kiti cha baba. Miguu isiyo na nakshi, mbao inayoonyesha nyuzi zake, kikalio cha henzirani, mikono na egemeo vikiungana kwenye mkunjo mmoja kama mtu aliyekukumbatia kwa nyuma. Kiti hicho hicho ndicho walichokalia Kennedy na Nixon, wagombea urais wa Marekani, mwaka 1960 kwenye mdahalo wao wa televisheni. Nikasema, mtindo huu, wa miaka ile baada ya Vita vya Pili vya Dunia hadi kwenye miaka ya 60, ndio nitakaouweka katika chumba changu.

Nilianza kwa kosa ambalo wengi wetu hapa Dar tumelifanya. Kile kiti cheupe cha plastiki, chenye miguu minne ya mbao na vyuma vyeusi vinavyopishana katikati, mnakijua. Kipo saluni, kipo kwenye migahawa ya Masaki na Sinza, kipo kwa wakala wa kutuma pesa. Duka lililoniuzia lilikiita cha Eames. Mwezi wa pili skrubu zililegea. Mwezi wa nne mguu mmoja ulipasuka pale skrubu ilipoingia, na ganda lenyewe lilikuwa linabonyea kila nikiegemea, hivyo mgongo haukupata pa kutulia. Baada ya hapo nikaenda upande mwingine kabisa, nikanunua kiti kikubwa cheusi cha magurudumu, cha ngozi bandia. Hicho kilikuwa na starehe kwa muda. Ikaingia Januari, upepo wa kaskazi, joto lile ambalo hata pangaboi linasukuma hewa ya moto tu, nikawa nainuka kwenye kiti na nguo imegandana na ngozi. Mwaka haujaisha, kiti kikaanza kubanduka, vipande vyeusi vinanifuata hadi kitandani.

Kiti kile cheupe kiliniuma zaidi kwa sababu nilikuja kujua kilikotoka. Charles na Ray Eames walikuwa mume na mke, Wamarekani. Mwaka 1948 Museum of Modern Art ya New York iliandaa shindano la samani za bei nafuu, maana vita vilikuwa vimekwisha na watu walikuwa wanahitaji nyumba na vitu vya kuwekea ndani. Kutokana na kazi waliyopeleka pale, mwaka 1950 kikaingia sokoni kiti chao cha ganda la faibaglasi, mojawapo ya viti vya kwanza vya plastiki kutengenezwa kiwandani kwa wingi. Kusudi lilikuwa mtu wa kawaida apate kiti kilichofikiriwa vizuri kwa pesa anayoimudu. Nakala niliyouziwa ilichukua sura, ikaacha kufikiri.

Na kabla ya plastiki, hawa wawili walihangaika na plaiwudi, na hapa ndipo nilipowapenda. Walihamia Los Angeles mwaka 1941, wakapanga nyumba, na ndani ya chumba wakajitengenezea mashine waliyoiita Kazam!. Ilikuwa kalibu ya plasta na mfuko wa mpira. Walipanga tabaka nyembamba za mbao zilizopakwa gundi juu ya kalibu, wakafunga mfuko, wakaujaza upepo kwa pampu ya baiskeli hadi mbao zikabanwa na kushika mkunjo. Pampu ya baiskeli! Kutokana na majaribio yale Jeshi la Majini la Marekani likawaagiza magango ya plaiwudi ya kufungia miguu ya majeruhi, na yakatengenezwa karibu 150,000. Vita vilipokwisha, ujuzi uliokunja mbao kufuata mguu uliovunjika ukakunja mbao kufuata mgongo wa mtu mzima aliyechoka. Kwa miaka mingi sifa za kazi hizo alipewa Charles peke yake, na Ray akitajwa kama mke aliyekuwepo pembeni. Mimi nikivitazama viti vile naona mikono minne.

Wengi wakisikia jina la Eames wanawaza kile kiti chao cha mwaka 1956, cha ngozi nene na ganda la mbao, chenye kigoda cha kuwekea miguu. Ni kizuri, nakiri. Lakini ni kiti cha kujilaza. Ukikivuta mezani utasinzia, na hapa kwetu ngozi ile inataka kiyoyozi kutwa nzima. Ukitaka ofisi ya nyumbani, chagua kwanza kiti cha kazi, hicho cha mapumziko kitafuata siku nyingine pesa ikiruhusu.

Basi usiku nikawa nasoma. Usiku mmoja nilifika kwa Finn Juhl, msanifu majengo wa Denmark ambaye viti vyake vina mikono myepesi kama mbawa. Nikasoma kwamba Denmark ilimpa kazi ya kupamba ukumbi wa Baraza la Udhamini kwenye makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York. Kuta, dari, viti, vyote vilipita mkononi mwake, na ukumbi ukaanza kutumika mwaka 1952. Niliposoma maneno "Baraza la Udhamini" nikaacha kunywa chai. Hilo ndilo baraza lililosimamia nchi kama Tanganyika, iliyokuwa ikitawaliwa na Uingereza kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Machi 1955, mwalimu wa Pugu mwenye umri wa miaka 32, Julius Nyerere, alisafiri hadi New York kuliambia baraza hilo, kwa niaba ya TANU, kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika na inapaswa kuandaliwa kujitawala hivyo. Aliporudi aliacha kazi ya ualimu.

Nilikwenda kumwamsha mume wangu nimsimulie. Alinisikiliza macho yamefumba, akasema, "Sasa mama watoto, hicho kiti kinauzwa shilingi ngapi?" Lakini mimi tangu usiku ule sikuviita tena viti vya Kizungu. Miaka ile ambayo mafundi wale walikuwa wanatafuta kiti chepesi na cha kweli ndiyo miaka ambayo wazee wetu walikuwa wanatafuta nchi, na wakati mmoja njia hizo mbili zilipita katika chumba kimoja.

Swali likabaki ni kiti gani kinachoweza kuishi Dar es Salaam. Hili ni swali la hewa. Unyevu wa bahari unaingia kila mahali: chuma kilichopakwa kromu kinaota kutu kwenye maungio, sponji inavunjikavunjika kuwa unga, gundi mbaya inaachia na plaiwudi inafunguka kama kitabu. Mbao ngumu iliyokauka inavumilia. Na kikalio kinachopitisha hewa chini ya mtu ni neema ambayo huitambui hadi ukikalie mwezi wa pili saa nane mchana.

Hapo nikarudi kwa Wegner, kwenye kiti chake kingine kinachotengenezwa tangu mwaka 1950 bila kukoma, kile ambacho egemeo lake limeshikiliwa na mbao yenye umbo la herufi Y. Kikalio chake hufumwa kwa mkono kwa kamba ya karatasi iliyosokotwa, kama mita 120 kwa kiti kimoja. Kamba ile ya karatasi nayo ni mtoto wa shida: wakati wa vita majani ya baharini yaliyokuwa yakifumiwa viti yalipungua, wakasokota karatasi. Nikaikuza picha hadi nikaona kila mzunguko wa kamba, jinsi inavyopita juu ya mbao, ikarudi chini, ikashikana na jirani yake kwenye kona. Nikajua hiki kitu. Kwetu kinaitwa kuwamba. Ngoma huwambwa kwa ngozi, kitanda huwambwa kwa kamba. Viti vya enzi vya mwambao, vile vya Lamu na Unguja vilivyopambwa kwa mifupa na pembe, vimewambwa nyuzi kikalioni na mgongoni. Watu wa pwani walijua zamani sana kwamba kwenye joto hili mtu akalie wavu.

Kiti cha Wegner chenyewe ni mamia ya dola, kabla ya meli na ushuru. Nikachukua bajaji hadi Keko.

Mtu wa Dar haelezwi Keko. Lakini siku ile niliitazama kwa macho mapya: makochi ya mahameli yamepangwa hadi barabarani, vichwa vya vitanda vimeegemea nguzo za umeme, vumbi la msasa limeganda kwenye nyavu za madirisha, na nyuma ya maduka, chini ya mabati, kelele za mashine ya kukereza. Nilizunguka siku mbili. Nilikuwa namtafuta fundi ambaye akiona picha atauliza kuhusu maungio kabla ya bei. Nilimpata wa saba, au wa nane. Aliishika simu yangu, akaikuza picha kwa vidole vyenye gundi, akanyamaza, kisha akasema, "Hapa mkono unavyoingia mguuni, dada, huyu mtu hakutumia msumari."

Nikajua nimefika.

Aliniuliza kama anitolee hicho hicho. Nilikuwa nimeshalifikiria hilo njiani, na lilinisumbua. Kiti cheupe nilichokilaani kilikuwa kimetolewa hivyo hivyo, mtu kaona picha, kakata sura. Tena mbunifu akishachora, kazi ni yake na kampuni aliyoipa. Lakini Wegner naye hakuanza na hewa tupu. Mtoto wa fundi viatu kutoka mji mdogo wa Tønder, aliona picha za wafanyabiashara wa Denmark waliokaa kwenye viti vya kale vya China, akajiuliza egemeo lile la mviringo linafanya nini hasa mgongoni mwa mtu. Kwa miaka mingi akawa anajibu swali hilo hilo kwa viti tofauti, na maishani mwake alichora zaidi ya 500. Aliazima swali, jibu akalitafuta mwenyewe. Nikamwambia fundi, tusitoe kiti hiki. Tuchukue mambo mawili tu, egemeo lililojikunja kuwa mikono na kikalio cha kuwamba. Vipimo viwe vya kwangu, miguu iwe ya kwako. Alicheka akasema mteja wa hivyo hajampata tangu mwaka uanze.

Kwanza tukatafuta mbao. Nilitaka mninga kwa sababu ya kiti cha baba, na ni mbao tulivu, haipindipindi. Lakini mninga ni mti wa miombo unaokua polepole, unachukua miongo kuwa mti wa kupasua, na kila mwaka magari yanauleta kutoka mbali zaidi. Fundi alikuwa na mtiki wa mashambani. Tanzania tuna mashamba ya mtiki, Longuza kule Muheza na Mtibwa Morogoro, miti iliyopandwa kwa mistari ili ivunwe. Wadenmark wa miaka ya 50 nao walitumia sana mtiki, wao wakiutoa Asia ya Kusini-Mashariki. Una mafuta yake ya asili, mchwa hawaupendi, na fukusi huishia kwenye ile sehemu nyeupe ya nje, ambayo fundi aliikata yote. Akachagua mbao kwa kuzipima mkononi moja moja na kuzigonga. Zilizokuwa na uzito wa maji alizirudisha. "Hii ikifika kwako chini ya pangaboi itajikunja kama chapati," alisema.

Halafu vipimo. Hapa naomba mtu yeyote anayetaka kununua kiti cha kazi, cha bei yoyote, anisikilize. Mimi nina urefu wa sentimita 156. Kikalio cha kile kiti cha Wegner kipo sentimita 45 juu ya sakafu, na viti vingi vya kuagiza vipo hapo hapo. Nikikaa kwenye urefu huo visigino vinaning'inia. Ukingo wa kiti unabana mapaja kwa chini, damu inazuiwa, miguu inakufa ganzi, kwa hiyo bila kujua najisogeza mbele ili nyayo zifike chini, na nikisogea mbele egemeo linabaki nyuma peke yake. Mgongo wangu ulikuwa unabeba kazi ya kiti kwa miaka miwili. Fundi alinikalisha juu ya rundo la mbao karakana nzima ikitazama, akawa anatoa moja, anaongeza nyembamba, hadi nyayo zikalala na magoti yakakunjika sawasawa. Sentimita 40. Kina cha kikalio 41, ili kati ya ukingo na nyuma ya goti viingie vidole vitatu. Kisha akaniambia nishushe mabega, nikunje viwiko kana kwamba nachapa, akapima hadi kiwiko, na jioni ile ile nikaenda kukata miguu ya meza kutoka sentimita 75 hadi 66. Meza tu kukatwa ilinipunguzia nusu ya maumivu ya shingo, kiti bado hakijazaliwa.

Egemeo ndilo lililomtesa. Kuchonga mkunjo kutoka kwenye ubao mmoja kunapoteza mbao, tena nyuzi zinakatika pale pale panapobeba uzito. Akaamua kupasua mtiki kuwa mikanda ya milimita tatu, aipake gundi na kuibana kwenye kalibu aliyoiunga kwa vipande vya mbao za paini. Vibano alikuwa navyo vinne, na mkunjo ule ulihitaji ishirini. Siku niliyofika kuangalia nilikuta ameufunga wote kwa tyubu za pikipiki zilizokatwa kuwa mikanda, zimezungushwa na kuvutwa hadi gundi imetoka jasho kwenye kila mshono. Nilisimama pale nikashindwa kusema. Nikamsimulia habari ya pampu ya baiskeli kule Los Angeles. Aliendelea kukaza tyubu, akauliza, "Na wao iliwashika mara ya kwanza?" Nikamwambia hapana, walijaribu sana. "Ehee," akasema, kama mtu aliyepata habari za ndugu aliye mbali.

Yake ilishika mara ya tatu. Ya kwanza ilifunguka upande mmoja, ya pili ilirudi nyuma sentimita mbili alipoitoa kalibuni. Kwa kila kilichoharibika alikuwa anakata kipande, anakitazama kwa pembeni, anakiweka rafuni. Kwa kazi yote, mbao ndani, nilimlipa shilingi 380,000. Akapaka mafuta badala ya vanishi, kwa sababu nilitaka mkono ukipita uguse mbao.

Lakini kikalio kilikuwa wazi, fremu tupu. Pale Keko kila mmoja alinishauri sponji na kitambaa. Mimi nikaifunga fremu kwenye boksi, alfajiri ya Jumamosi nikapanda basi Mbezi kwenda Tanga. Kondakta alikilipisha nauli ya mzigo, akakilaza kwenye buti juu ya magunia, nami nikafanya safari nzima nasikiliza kila kishindo cha chini.

Ukipita Korogwe kuelekea Muheza unaiona mistari ya mkonge. Mmea huu uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika salama pwani ilikuwa 62 tu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 60 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa katani. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na miji mizima ya Tanga ikaanguka nayo. Mimi nimekulia ndani ya anguko hilo. Wadenmark walipokosa majani walisokota karatasi. Sisi tulikaa juu ya mlima wa kamba bora, huku kiti cha baba kikiwa na plaiwudi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama, kiti gani hiki hakina pa kukalia?"

"Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Baba ana miaka 76. Utotoni Pangani alikuwa akimsaidia mjomba wake kuwamba vitanda, jambo alilowahi kulitaja mara moja tu, nami nililiweka moyoni. Aligeuza fremu mara mbili, akaipiga kwa kifundo cha kidole, akataka kujua ni mti gani na nani kakunja pale. Kisha akavaa miwani. Tulikuwa tumenunua mjini kamba nyembamba ya katani, na kasoro yake ni manyoya, yanawasha mapaja na kukwaruza nguo. Baba akawasha kibatari, akawa anaipitisha kamba juu ya moto haraka, pima kwa pima, manyoya yanababuka na harufu ya shamba linaloungua inajaa ukumbini. Nilikuwa nafuata nyuma yake na tambara lenye nta ya nyuki.

Kuwamba kulichukua siku mbili. Alianza kwenye kona, kamba juu ya mbao ya mbele, chini, ikatokea ndani, juu ya mbao ya ubavuni, kisha ng'ambo. Kila baada ya mizunguko mitano aliisukuma kwa kipande cha mti ili ishikane, akaigonga kwa kiganja kusikiliza sauti. Ikitoa sauti ya chini aliifungua. Vidole vilimuuma, akapumzika akiwa amekaa kwenye kiti chake cha serikali, kazi imelala mapajani.

Nilikuwa na nia nyingine niliyoificha. Nilisoma habari za Chandigarh, mji wa India ambako Pierre Jeanneret alisimamia samani za ofisi za serikali katika miaka ya 50: viti vya mtiki na henzirani, miguu imekaa kama herufi V iliyopinduliwa. Vilipochakaa vilirundikwa juu ya mapaa na kuuzwa kama taka, wafanyabiashara wa Ulaya wakavinunua, na leo kimoja kinauzwa kwa maelfu ya dola kwenye minada. Tangu nisome hayo nilikuwa siwezi kukitazama kiti cha baba kwa utulivu. Ni viti vingapi vya namna ile vimechomwa kuni nyuma ya ofisi zetu? Nilitaka nikichukue, nikitengeneze, nikiweke nyumbani kwangu Tabata karibu na dirisha, mahali pa kusomea.

Usiku wa pili nikamwambia. Hakukasirika. Alisema, "Nikishatoka msikitini asubuhi nakaa wapi?" Sikuwa na jibu, nikaona aibu. Kesho yake kabla sijaondoka tuliing'oa ile plaiwudi pamoja, misumari kumi na sita, na chini yake matundu ya henzirani ya zamani yalikuwa bado wazi, yamejaa vumbi la miaka thelathini na zaidi. Akakiwamba na chenyewe kwa kamba iliyokuwa imebaki.

Changu kipo hapa ninapoandika. Mgongo haujapona kabisa, lakini naamka usiku mara chache, na mchana wa Februari hewa inapita chini yangu. Watu wakifika wanaanza kugusa mkunjo wa nyuma, kisha wanainama kutazama kamba kwa chini, na fundi wa Keko ameshapata wateja wawili kutoka kwangu, kila mmoja kwa vipimo vyake. Pale mkono wangu wa kulia unapolala mbao imeanza kuwa nyeusi kidogo.

Baba alinionya kwamba baada ya masika ya kwanza kamba italegea, na akasema mita kadhaa zilizosalia amezitundika kwenye msumari mlangoni, nisimpe mtu mwingine kazi hiyo. Masika haya kimelegea, upande wa kulia, kiasi cha kidole kimoja. Jana nimempigia simu.